Kabati la gemu nyumbani: Pima vumbi kabla ya kupima mbao

Mtoto wa miaka 11 alitumwa dukani kununua unga kilo mbili na mafuta ya kupima. Alirudi na unga, mafuta hakuna, na chenji imepungua Sh1,400. Akasema hela imedondoka njiani. Mama yake, ambaye mwezi huo alishasikia habari ya hela kudondoka mara tatu, alivaa kandambili akaenda dukani mwenyewe. Pembeni ya duka, chini ya mwembe, alikuta sanduku lenye taa za rangi na watoto wanne wamelizunguka kama wanaota moto.

Ni lile sanduku ambalo mitaa mingi ya Dar es Salaam inaliita dubwi. Unatumbukiza sarafu ya Sh200, unachagua picha, taa zinazunguka kisha zinasimama. Zikisimama kwenye picha yako, sarafu zinamwagika. Mara nyingi hazisimami hapo.

Familia hiyo inaishi Temeke, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Baba ni karani wa ghala. Mama anauza vitafunwa asubuhi. Watoto ni wawili, huyo wa darasa la tano na mdogo wake wa kike mwenye miaka sita, ambaye ana pumu tangu akiwa na miaka mitatu.

Jioni hiyo fimbo haikutafutwa. “Baba watoto, ukimchapa leo utamfundisha kudanganya vizuri zaidi kesho,” mama alisema, kisha akaendelea kuchambua mchele. Baba alikaa kimya na simu yake. Ndipo akakumbuka video aliyowahi kuiona, ya mtu aliyejitengenezea sebuleni kabati la gemu za zamani, lile lenye skrini juu, fimbo ya kuchezea na vibonyezo vya rangi mbele. Kama mtoto anapenda taa na vibonyezo, akawaza, kwa nini asivipate nyumbani, bila sarafu?

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba hakuwahi kushika msumeno maishani mwake.

Gemu na dubwi si kitu kimoja

Kabla ya kufika kwenye mbao, mzazi anapaswa kujua anachokitengeneza. Makabati hayo yalijaa kumbi za burudani za Marekani na Japan miaka ya 1970 na 1980. Kampuni ya Atari ilitoa gemu ya Pong mwaka 1972, Taito ya Japan ikaleta Space Invaders mwaka 1978, na Namco ikafuata na Pac-Man mwaka 1980. Mchezaji alisimama mbele ya kabati, akatumbukiza sarafu, akacheza hadi aliposhindwa. Waliokuwa watoto enzi hizo sasa ni watu wazima, na wengi wao wanajitengenezea makabati yale yale nyumbani, wakiweka kompyuta ndogo ndani badala ya mitambo ya zamani.

Yale makabati nayo yalikula sarafu, kwa hiyo usishangae mtu akikwambia hakuna tofauti na dubwi. Tofauti ipo. Kwenye gemu, mtoto anayecheza leo kesho atacheza vizuri zaidi, kwa sababu jicho na mkono vinajifunza. Kwenye dubwi hakuna cha kujifunza. Wanasaikolojia wameeleza kwa miongo mingi kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio huinasa tabia ya mtu kuliko ile inayokuja kila mara, na sanduku la chini ya mwembe limetengenezwa kwa kanuni hiyo. Ndiyo maana mtoto aliyepoteza Sh800 anaamini ya tano itarudi na zote.

Kisheria, mtu mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki michezo ya kubahatisha Tanzania. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayotoa leseni. Mzazi anayeona sanduku hilo likichezewa na watoto wa shule hahitaji kugombana na mwenye duka. Anaweza kwenda ofisi ya serikali ya mtaa au kutoa taarifa kwa bodi.

Gemu nazo zina yake. Katika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulioanza kutumika Januari 2022, kuna tatizo la kucheza gemu kupita kiasi, pale mtu anaposhindwa kujizuia hata shule, kazi au usingizi vinapoharibika. Kwa hiyo kabati la nyumbani si dawa. Ni chombo, na chombo hutegemea kimewekwa wapi na nani ana ufunguo.

Alianza na boksi la friji

Baba huyo alianza vizuri. Aliomba boksi la friji kwenye duka la vifaa vya umeme, akalikata kwa kisu umbo la ubavu wa kabati, likiwa na ukubwa kamili. Kisha akamsimamisha mwanawe mbele yake.

Jambo hili dogo ndilo ambalo wanaoanza hulikimbia. Vipimo vingi vinavyopatikana ni vya mtu mzima aliyesimama, na ubao wa vibonyezo huwa karibu mita moja kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka 11 akicheza hapo, mabega yanapanda, shingo inakaza, na baada ya nusu saa analalamika mgongo. Kipimo cha kufuata ni kiwiko. Mtoto asimame au akae, mikono ikiwa imeshuka, kisha akunje kiwiko. Ubao wa vibonyezo uwe usawa huo au chini kidogo, na skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho.

Boksi liliwaonyesha jambo lingine. Kabati la kusimama lingeziba nusu ya mlango wa chumba. Pia lingekuwa zito. Karatasi moja ya MDF yenye unene wa milimita 18 na ukubwa wa futi nane kwa nne ina uzito wa karibu kilo 40, na kabati kubwa linaweza kula mbili. Kitu kirefu na kizito chenye skrini juu, halafu nyumbani kuna mtoto wa miaka sita anayependa kupanda, ni ajali inayosubiri siku yake. Anayelazimika kutengeneza kubwa alifunge ukutani kwa skrubu na vyuma vya kona, kama inavyotakiwa kwa kabati la nguo na meza ndefu ya televisheni. Familia hii ilichagua la kukaa mezani, sentimita 60 kwa upana. Karatasi moja ilitosha.

MDF ilinunuliwa Gerezani, ikaletwa na kirikuu. Kwa wasioijua, MDF ni mbao zilizosagwa kuwa nyuzi laini, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa. Haina vifundo wala haijipindi kama ubao wa msonobari, inakatika kirahisi, na anayeanza huipenda kwa hayo. Ubaya wake huonekana inapokutana na msumeno.

Usiku wa mluzi kifuani

Ilikuwa masika. Jumamosi mchana mvua ilipiga, na baba alikuwa ameazima msumeno mdogo wa umeme kwa siku moja tu. Akaona asipoteze siku. Akaegemeza karatasi ya MDF kwenye viti viwili koridoni, akafunga mlango wa nje maji yasiingie, akavaa barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu enzi za Uviko-19, akaanza kukata. Mwanawe alishika upande wa pili. Binti alikuwa chumbani anachora, pazia likiwa wazi.

Kazi ilichukua saa mbili. Vumbi lilikuwa laini kama unga wa muhogo, likatua kwenye vyombo, kwenye nguo zilizoanikwa ndani, kwenye chandarua. Jirani wa chumba cha mwisho alitoka, akapiga chafya, akasema, “Baba, hapa umefungua mashine ya kusaga?” Wakacheka. Jioni mama alifagia kwa ufagio wa chelewa, na vumbi lililokuwa limetulia likapanda tena hewani.

Saa saba usiku binti aliamka akikohoa. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Mama alimpa pampu yake ya bluu, akatulia kidogo, kisha ikarudi. Ilipofika saa nane na nusu alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, ngozi katikati ya mbavu ikizama kila anapovuta pumzi. Akiulizwa jina la mwalimu wake, anasema neno moja, anapumzika, anasema la pili. Baba akatafuta bajaji kwenye mvua.

Kwenye kituo cha afya alipewa hewa ya oksijeni na dawa ya kuvuta kwa mvuke. Kulipokucha alikuwa anaomba chai. Swali la kwanza la daktari aliyeingia zamu ya asubuhi lilikuwa, “Jana nyumbani kulikuwa na nini? Moshi, rangi, vumbi?” Baba hakujibu haraka. Mwanawe ndiye aliyejibu.

Kwa nini vumbi hili

Vumbi la MDF ni laini sana, hivyo halinaswi lote puani. Sehemu yake huingia ndani ya mapafu. Kwa mtu mwenye pumu, njia za hewa ambazo tayari ni nyepesi kukasirika huvimba na kubana. Gundi inayotumika kwenye mbao nyingi za aina hii ina kemikali ya fomaldehaidi, ambayo huwasha macho, pua na koo. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO imeweka vumbi la mbao na fomaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapo mzazi asiruke kwa hofu. Ushahidi huo unatokana zaidi na wafanyakazi waliovuta vitu hivyo kwa miaka mingi. Kabati moja halimpi mtu saratani. Lakini pumu haisubiri miaka.

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la aina hii, na ile nyepesi ya hospitali inaacha mianya pembeni. Inayofaa ni yenye alama ya N95 au FFP2, iliyobana vizuri puani na mashavuni. Hata hiyo inamlinda aliyeivaa tu. Mtoto aliye chumba cha pili hana chake.

Mzazi mwenye mtoto wa pumu azijue dalili hizi hata kama hana mpango wa kushika msumeno: mtoto kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu kuzama anapovuta hewa, midomo kugeuka rangi, au pampu kutosaidia. Hapo ni hospitali, si kusubiri asubuhi. Njiani aketi wima, asilazwe, na aendelee kupewa pampu kama alivyoelekezwa na daktari. Kwa mtoto mdogo pampu hufanya kazi vizuri zaidi ikipitishwa kwenye chombo maalumu cha kuvutia, na pale kisipopatikana watoa huduma wengi hufundisha kutumia chupa safi ya plastiki iliyotobolewa. Muulize daktari wako akuonyeshe kabla ya usiku wa mvua.

Fundi wa Keko

Kwa wiki mbili mbao zilisimama ukutani zikiwa zimefunikwa shuka. Baba alitaka kuziuza. Mama hakusema lolote, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko maneno. Aliyelirudisha jambo hilo mezani ni binti mwenyewe, aliyeuliza gemu yake itaisha lini.

Baba akabeba vipande vyake hadi Keko, kwa fundi seremala aliyeelekezwa na mwenzake wa kazini. “Shikamoo, fundi.” “Marahaba. Umeleta kuuza au kukata?” Fundi alivipindua vipande, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa koridoni, ukipinda kama njia ya ng’ombe. Akacheka, lakini hakumcheka yeye.

Alichomwambia ni ushauri ambao kila anayeanza angeupata mapema angepunguza hasara. Si lazima ukate mwenyewe. Peleka michoro yako na vipimo karakana, wakukatie mistari mirefu kwa mashine kwa malipo madogo, uende nyumbani na vipande vilivyonyooka. Wewe utabaki na kuunganisha, kupiga msasa kidogo, kutoboa na kupaka rangi. Useremala wa kuanzia uko hapo zaidi kuliko kwenye msumeno, na vidole vinabaki kumi.

Kwa atakayekata mwenyewe, fundi alikuwa na machache. Kipande kifungwe kwenye meza, kisishikwe na mtoto. Shati la mikono mipana na glovu havitakiwi karibu na kisu kinachozunguka, kwa sababu vikinaswa vinavuta mkono. Miwani ya kinga ivaliwe hata kwa tundu moja. Vizibo vya masikio pia, maana msumeno wa umeme wa duara unaweza kufika desibeli 100, na wataalamu wa afya kazini wanasema kelele ya kiwango hicho isizidi dakika 15 kwa siku bila kinga.

Inafaa kusemwa hapa kwamba fundi mwenyewe hakuwa na barakoa wala vizibo. Alikohoa mara kadhaa akiwa anaongea, kikohozi cha mtu aliyekizoea. Karakana nyingi ziko hivyo. Vijana wa miaka 17 wanafagia vumbi la MDF kwa mikono, na hakuna anayewauliza daktari gani aliwapima kifua. Siku ya kuchukua vipande vyake, baba alimletea boksi dogo la N95. Fundi aliziweka juu ya rafu. Haijulikani kama alizivaa.

Milimita 36

Kazi iliyobaki ilifanyiwa nje, nyuma ya nyumba, siku za jua, binti akiwa kwa shangazi yake mtaa wa pili. Kila walipomaliza, baba na mwana walivua nguo za kazi nje, wakaoga kabla ya kuingia, na sakafu ikafutwa kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio. Kingo zote zilizokatwa, hata zile za ndani zisizoonekana, zilipakwa rangi ya kutangulizia kisha rangi ya maji, ili kuziba nyuzi na kupunguza harufu ya gundi. Kabati lilikaa siku nne barazani kukauka kabla ya kuingizwa ndani.

Hapo ndipo kosa la pili lilipotokea, na hili lilikuwa la kuchekesha. Baba alitaka kabati la upana wa milimita 600, akaagiza rafu za ndani zikatwe milimita 600. Waliposimamisha mbavu mbili, rafu ilitokeza. Akaipima tena. Ni 600 kamili. Akaipima mara ya tatu, akaanza kumlaumu fundi. Mtoto wa darasa la tano alikuwa amekaa kwenye ndoo. “Baba, umesahau unene wa mbavu. Kumi na nane huku, kumi na nane kule.” Mia sita toa 36 ni 564. Karani wa ghala, ambaye kazi yake ni hesabu, alikaa chini.

Walizipunguza rafu kwa msumeno wa mkono, taratibu, kila mmoja akiwa na barakoa yake. Ni kazi ndefu na ya kuchosha, na mikono ikiwa na shughuli watu huongea. Mtoto alianza kusimulia bila kuulizwa. Sh1,400 haikuwa yote. Alikuwa amecheza tangu likizo ya Desemba. Alikuwa amekopa Sh2,000 kwa mvulana wa darasa la saba, na huyo ndiye aliyekuwa akimsubiri njiani kila jioni. Ndiyo maana hela za unga zilikuwa “zinadondoka”.

Baba hakuacha kukata. Baadaye alimwambia mkewe kwamba aliogopa akisimama mtoto naye angenyamaza. Aliuliza jina la mvulana, akauliza kama aliwahi kupigwa. Aliwahi, mara moja. Kesho yake deni lililipwa mbele ya mwalimu wa zamu, kwa utulivu, na mzazi wa yule mwingine akaitwa.

Mzazi anayesubiri mtoto afunguke ana kwa ana, wamekaa wanatazamana, hungoja sana. Watoto wengi wa umri huo huongea wakiwa wameangalia kitu kingine.

Kuhusu ujenzi wenyewe, mambo yafuatayo yaliwaokoa. MDF hupasuka ukingoni ukiipiga skrubu bila kutoboa kwanza kwa keekee nyembamba. Hawakuwa na vibanio vya kutosha, wakafunga kabati kwa mipira ya tyubu ya baiskeli hadi gundi ikakauka usiku mzima. Matundu ya vibonyezo yalikuwa ya milimita 30, nayo yalitobolewa kwa ule msumeno wa mviringo unaotumika kuweka vitasa vya milango. Walitoboa kwanza kwenye kipande kibovu, kile kilichokatwa koridoni, wakaona vibonyezo viwili vimekaribiana mno kwa kidole cha baba. Kipande kibovu kilikuwa kimepata kazi.

Umeme si wa mtoto

Ndani waliweka kompyuta ya zamani iliyonunuliwa kazini kwa baba na skrini yake bapa. Wengine hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kiganja iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa lengo la kuwafundisha watoto. Seti ya fimbo mbili na vibonyezo iliagizwa kupitia mfanyabiashara wa Kariakoo, na gemu zilinunuliwa kihalali.

Nyaya za vibonyezo hubeba umeme mdogo wa volti tano tu kutoka kwenye kompyuta. Hizo mtoto anaweza kuziunga, na huyu aliziunga zote, akikosea mbili. Upande wa volti 230 ni habari nyingine. Hapo aliitwa fundi umeme, akaweka plagi ya pini tatu yenye waya wa ethi na swichi moja ya kuzima vyote. Mgongo wa kabati uliachiwa matundu ya kutoa joto, na ukafungwa kwa skrubu ili mkono mdogo usiingie.

Onyo moja kwa wenye televisheni ya chogo iliyolala stoo. Makabati ya zamani yalitumia skrini za aina hiyo, na wapo wanaodhani kabati halisi lazima iwe nayo. Ndani ya televisheni ya chogo kunaweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Usiifungue, na usimruhusu mtoto aifungue.

Sebuleni, si chumbani

Kabati liko sebuleni, mahali ambapo mama akipika anaisikia sauti yake. Lina fimbo mbili, na kanuni ya nyumba ni kwamba halichezwi na mtu mmoja akiwa na mwenzake ndani. Siku za shule ni nusu saa baada ya kazi za nyumbani. Wikiendi ni saa moja, tena baada ya kucheza nje. Saa mbili usiku swichi inazimwa, kwa kuwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12.

Saa hizo familia ilizipanga yenyewe. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, WHO inahimiza angalau dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku na kupunguza muda wa kukaa mbele ya skrini, bila kutaja idadi ya saa. Kwa wa miaka miwili hadi minne ndiko imetaja, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Chini ya hapo, kabisa wasitazame. Kwa hiyo mgeni akija na mtoto wake wa mwaka mmoja, asipakatwe mbele ya taa hizo eti atulie.

Mtoto aliomba kabati liwe na tundu la sarafu, “ili liwe la kweli”. Wazazi walibishana siku mbili. Baba hakutaka kusikia sarafu. Mama akasema tundu liwepo, lakini lisiwashe kitu, liangukie kwenye kibubu chini ya rafu, na kibubu kifunguliwe mwezi wa kumi na mbili. Ndivyo lilivyotengenezwa. Pamepinda kidogo upande wa kushoto, pale ambapo rafu ilipunguzwa kupita kiasi, na mlango wa nyuma haufungi sawasawa hadi leo.

Wiki ya tatu baada ya kazi kwisha, mtoto alirudi dukani na chenji pungufu ya Sh400. Alisimama mlangoni hata kabla ya kuvua viatu. “Mama, nimecheza mara mbili. Haikudondoka.” Mama alichukua unga, akauweka juu ya meza, akamwambia akaoge kwanza ndipo waongee. Baba alipotoka kazini alipitia ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza lile sanduku chini ya mwembe lina leseni ya nani.